Kiti cha Atupele

Usiku ule wa Jumapili nililala na kalamu nyekundu mezani, rejista ya Kidato cha Tatu ikiwa wazi kando yake. Nasema hivi mapema ili mtu asije akadhani nilitokewa kwa sababu ya wema wangu. Sikuwa na wema wowote usiku ule. Nilikuwa na kazi ya kumaliza asubuhi, na nilikuwa nimeiahirisha kwa sababu mikono ilikuwa na baridi.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule ya kata huku nyanda za juu, kwenye ukungu, chai na mbao. Ni mwalimu wa darasa pia, maana yake majina arobaini na mawili ni yangu. Kila asubuhi natakiwa niite jina moja moja, niweke vema kwa aliyepo na sifuri kwa asiyepo. Sikuwa nikiita. Pale shuleni tulikuwa na desturi yetu: rejista inajazwa Ijumaa mchana, wiki nzima kwa mpigo, ofisini, huku tunamenya viazi vya kuchemsha na kuvichovya kwenye chumvi. Tuliita kupika. "Umeshapika?" mwenzako anakuuliza, nawe unajibu bado kidogo, nipitishie chumvi. Funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu wetu alikuwa mkaguzi.

Kwa upishi huo, binti mmoja anayeitwa Atupele alihudhuria shule wiki sita bila kuwapo. Vema, vema, vema, mpaka mwisho wa ukurasa. Ijumaa ile mkuu wa shule akatangaza kwamba Jumatatu anataka majina ya watoro, wafutwe, darasa lijulikane lina watu wangapi. Ndipo nikaenda kuhesabu vichwa, nikaona kiti kimoja kitupu, na vumbi juu yake. Nikapata akili ya haraka. Vema moja ukiizungushia duara jekundu inakuwa sifuri, na sifuri zikitimia mtu anapigwa mstari. Mtoro aliyefutwa kwa utaratibu hakuna anayeuliza aliondoka lini. Nikalala nikiwa nimeamua hivyo.

Kisha nikawa darasani. Halikuwa darasa langu. Lilikuwa lile nililosomea mimi, lenye madirisha yasiyo na vioo, na ilikuwa asubuhi, ukungu unaingia ndani na kukaa nasi kwenye madawati. Nilivaa kaptula ya shule. Magoti yangu ya mtu mzima yalikuwa yamebanwa chini ya dawati, na wenzangu wote walikuwa watoto. Hakuna aliyeshangaa. Mlango ukafunguka, akaingia Madamu Mlowe.

Madamu Mlowe alinifundisha miaka minne. Nilibeba jeneza lake, bega la kushoto, mwaka niliomaliza chuo cha ualimu. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye ulimi wa kumenyea viazi, na sidhani kama alipata kumsifu mwanafunzi hata mmoja usoni pake. Lakini alikuwa na jambo lake. Hakushika rejista alipoita majina, aliita kwa kichwa. Asiyeitika, kiti chake kilibaki wazi na ilikuwa marufuku mtu kukikalia. Kisha angetugeukia na kuuliza, "Nani anakaa karibu na kwake?" Mkono mmoja unainuka, na alasiri ile ile Madamu anavaa viatu vyake vya turubai anaondoka kwa miguu. Akifika kwenu habembelezi. Anaketi kizingitini, anatoa madaftari, anasahihisha mpaka utoke. Nilitolewa hivyo mimi mwenyewe, Kidato cha Pili, nilipoacha shule nikachane mbao na mjomba.

Ndotoni alisimama mbele yetu na viatu vile vile, vimelowa, vina matope mabichi mpaka kwenye kamba. Nikawaza, ametembea. Nikasimama nikasema, "Shikamoo, Madamu."

Hakuitikia. Sijawahi kuonja baridi kama ile, ya kumwamkia marehemu akakunyima marahaba.

Akaanza kuita. Majina yanatoka kinywani mwake taratibu, na sauti zinaitika, nipo, nipo, nipo. Nangojea langu kama mtu anavyongojea sindano.

"Kaduma."

"Nipo, Madamu."

"Hupo."

Darasa linacheka. Nami najaribu kucheka nao.

"Kaduma."

"Nipo, Madamu. Niko hapa."

"Umejazwa tu," anasema, na kuendelea na jina linalofuata.

Jina linalofuata ni Lusungu.

Hapo nikashika dawati. Lusungu alikuwa jirani yangu wa dawati. Tuliacha shule wiki ile ile, mimi na yeye, tukidanganyana kwamba mbao zina maisha na vitabu havina. Madamu alianza kwangu kwa sababu kwetu ni karibu na barabara. Alifika jioni, akakaa kizingitini, nikatoka na maranda kichwani, akanikokota kwa ukosi. Ilikuwa aende kwa Lusungu, ng'ambo ya mto, kesho yake. Usiku ule ule mvua ikanyesha na mto ukaondoka na daraja la miti. Waliposimika jingine, Lusungu alikuwa ameshaingia msituni, kwenye kambi ya wapasua mbao. Mwaka haukuisha, gogo likamwangukia. Kwenye msiba wake watu walisema kazi ya Mungu haina makosa, na mimi nikasema hivyo hivyo, kwa sauti kubwa kuliko wao.

"Lusungu," Madamu anaita mara ya pili.

"Nipo," mtu anasema sikioni mwangu.

Ameketi. Ana miaka ile ile kumi na sita, sweta lile lile la kijani lililofumuka mkononi, na ananuka msonobari uliochanwa leo. Ananiangalia kichwa changu, ambacho kimeanza mvi.

"Sogea," ananiambia. Nikasogea.

Madamu anakuja mpaka kwenye dawati letu. Viatu vyake vinatoa maji kila hatua, na maji hayo yanabaki sakafuni. Anasema nami polepole, hata hanitazami, anatazama nafasi iliyopo kati yangu na Lusungu.

"Vijana walikuwa wawili. Mimi nilikuwa na alasiri moja. Nilikuchagua wewe." Akanyoosha mkono. "Nionyeshe nilichochagua."

Sikuwa na kitu ila rejista. Ilikuwa mapajani mwangu tangu mwanzo. Nikampa. Akaifungua, na alipoifungua darasa likaisha.

Niko getini pa shule yangu. Nimepiga magoti kwenye kokoto. Mbele yangu kuna mwanaume amenipa mgongo, ana fimbo, ana koti la kahawia lililochanika mfuko wa nyuma. Koti hilo nalijua, ninalo hadi leo. Mbele yake amesimama Atupele, sketi imelowa umande mpaka magotini, anahema.

Wacha niseme jambo hili lilivyokuwa, maana halikuwa la ndotoni. Lilitokea. Atupele alikuwa anachelewa kila siku ya Mungu. Kengele ya kwanza ni saa moja na nusu, yeye anaingia saa mbili na dakika ishirini, saa mbili na nusu. Kila siku nilimpigisha magoti getini kipindi kizima, na kipindi kikiisha namtuma afyeke nyasi. Asubuhi moja, wakati wenzake wanapita kwenda kwenye somo la michezo, nikamwambia maneno ambayo niliyapenda sana yaliponitoka: "Kama shule imekushinda, rudi kwenu ukachume chai. Chai haina kengele."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilikwenda nayo ofisini hiyo chai haina kengele, walimu wenzangu wakaicheka, nikairudia kwa aliyekuwa hayupo. Kesho yake Atupele hakuja. Katika wanafunzi wangu wote, hakuna aliyepata kunitii upesi kama yeye.

Ndotoni mwanaume yule anasema maneno yale yale, na mimi niliyepiga magoti nyuma yake nasikia kicheko kinanipanda. Nacheka. Kokoto zinaniingia magotini na nacheka. Madamu Mlowe amesimama pembeni yangu na rejista yangu kifuani, anangoja nimalize.

"Imekuchekesha," anasema.

Nataka kusema hapana. Tayari niko shambani.

Ni chai, mistari na mistari, inapanda mlima na kupotelea kwenye ukungu. Atupele anachuma, tenga mgongoni. Vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Mimi natembea kando yake na rejista, na kila anapovunja majani mawili na kichipukizi, naweka vema. Anavunja, naandika. Anavunja, naandika. Tunakwenda vizuri kabisa, kama watu wa ofisi moja. Kisha nikaona mstari unakaribia kwisha na mbele hakuna kitu, ni weupe mtupu, naye haonekani kama atasimama.

"Atupele!" nikaita.

"Nipo," akajibu bila kugeuka.

"Njoo huku."

"Nipo, Mwalimu. Umeandika nipo."

Nikajaribu kufuta. Nikatia mate kidoleni nikasugua vema ile ya mwisho, karatasi ikatoboka, na kwenye tundu lile nikaona jicho la Lusungu, ananichungulia toka upande wa pili wa dawati. Tukawa tumerudi darasani.

Sasa watoto wote wamesimama na wamegeukia kwangu. Kuna kiti kimoja kitupu katikati ya chumba. Sikukijua mara moja, halafu nikaona vumbi.

"Nani anakaa karibu na kwake?" Madamu akauliza.

Hakuna mkono. Nikageuka huku na huku nikitafuta mtoto wa kuniokoa.

"Nakuuliza wewe."

"Sijui, Madamu."

"Namba yake ya usajili?"

Nikaitaja yote, tarakimu kwa tarakimu, sikukosea. Nilijisikia vizuri kwa muda mfupi.

"Mama yake anaitwa nani?"

"Sijui."

"Ng'ambo ipi ya mto?"

"Sijui, Madamu."

"Kwa nini anachelewa?"

Nikafungua kinywa. Naona aibu hadi sasa ninapoandika, kwa sababu lilikuwa swali jepesi kuliko yote, na nilikuwa na asubuhi nyingi za kuliuliza, naye amepiga magoti mbele yangu, hana pa kwenda.

"Sikuwahi kumuuliza," nikasema.

Lusungu akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama alivyokuwa akicheka zamani nikikosea ubaoni, kisha akaweka kiwiko mezani, akasema na mimi kana kwamba tuko peke yetu.

"Mimi nilimngoja Madamu siku nne. Nilikuwa nimeshafunga madaftari yangu kwenye mfuko wa sukari, yasilowe. Kila jioni nasikiliza njia. Siku ya nne nikasikia miguu, nikatoka mbio. Kumbe mbuzi."

Nikamtazama Madamu Mlowe, yule mwanamke ambaye sijawahi kumwona akiinamisha kichwa kwa mkuu wa shule wala kwa mzazi wala kwa afisa elimu. Aliinamisha. Ndipo nikaelewa maji yale yaliyo kwenye viatu, na nikauliza, ingawa nilikuwa naogopa.

"Madamu, umetoka wapi na matope haya?"

"Sijatoka," akasema. "Bado nakwenda kwake. Tangu mto ulipoondoka na daraja."

Lusungu yuko pale pale, hatua mbili kutoka kwake, na hawaonani. Anageuza kichwa kama mtu anayesikiliza njia. Madamu anatazama nafasi ile ile, na kwake ni kiti kitupu. Nilitaka kuushika mkono wa mmoja niuunganishe na wa mwingine, na mikono yangu ilikuwa imejaa rejista, siwezi kuiweka chini, imenasa.

Madamu akaketi kwenye ukingo wa dawati langu. Akavua viatu vyake, kimoja, halafu cha pili, akavikamua, akaviweka juu ya ukurasa wa mwezi uliopita. Maji yakaanza kula vema zangu. Miguu yake ilikuwa imekunjamana na kuwa myeupe, miguu ya mtu aliyekaa mtoni miaka.

"Kaduma," akasema. Nikangoja aseme hupo. Akasema, "Daraja lako lipo."

Nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka, jogoo wa jirani anawika kwa sauti yake ile mbovu. Nilikuwa nimejikunyata, miguu nje ya blanketi, na nilikuwa nalia kwa namna ambayo mtu mzima halii akijua yuko macho. Nikawasha taa. Rejista ilikuwa kavu. Vema zilikuwa pale zote, zimenyooka, mwandiko mzuri. Nililala tena chali nikajaribu kumkumbuka Atupele uso, nikapata sketi iliyolowa na utosi, kwa sababu utosi ndio ninaouona mtu akipiga magoti.

Sikuigusa ile kalamu nyekundu. Nikachukua ya bluu, nikaandika ukingoni mwa ukurasa kwamba nilijaza bila kuita, nikatia sahihi. Sahihi haikufanana na yangu.

Asubuhi niliita majina kwa kichwa. Nilikwama kwenye jina la kumi na tisa, wakaniangalia, wakalitaja wenyewe. Nilipofika kwa Atupele niliita mara mbili. Kisha nikauliza, "Nani anakaa karibu na kwake?"

Mkono uliinuka hata sijamaliza, wa binti wa dawati la pili anayeitwa Sekela.

"Mimi, Mwalimu. Tunapakana shamba."

"Mbona hukuniambia?"

Akawatazama wenzake kwanza. "Tulikuwa tunangoja uulize."

Mkuu wa shule nilimpelekea rejista saa nne. Alisoma ule ukingo mara mbili, akavua miwani, akaniambia kwamba barua ya kunitaka nijieleze ataiandika mwenyewe, na kwamba nimewavua nguo walimu wote kwa ujinga wangu. Ofisini hakuna aliyenipitishia chumvi siku ile. Nilimwomba jina la Atupele lisifutwe mpaka nirudi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, alisema, "Nenda basi, nabii."

Alasiri tukaenda, Sekela mbele. Ni mwendo wa saa moja na zaidi, na mtoni kuna daraja la zege ambalo nimelipita mara nyingi nikienda mnadani. Nililivuka bila kutazama chini.

Atupele alikuwa uani anamwaga majani ya chai kwenye turubai. Aliponiona aliliweka tenga chini taratibu. Sikuwa nimesema neno. Akapiga magoti pale pale kwenye uwanja wa kwao, mikono nyuma, kichwa chini, kama getini.

"Nimechelewa, Mwalimu," akasema.

Sekela akageukia pembeni. Mimi nilikuwa nimejiandalia maneno njiani kote, nikayaacha yote. Nikachuchumaa nikamuuliza kwa nini alikuwa anachelewa.

Akanieleza. Miguu ya mama yake imekataa tangu mwaka juzi, na kila asubuhi lazima amgeuze, amsafishe, amnyweshe uji, kisha angoje shangazi yake amalize kukamua ng'ombe ndipo amwachie mgonjwa. Shangazi humaliza saa moja na robo, ndipo yeye aanze kukimbia. Hilo ndilo lilikuwa jibu lote. Lilichukua dakika mbili, na nilikuwa nimempigisha magoti kipindi kizima kila siku ili nisilisikie.

"Njoo saa mbili na nusu," nikamwambia. "Kipindi cha kwanza nitakufundisha mimi mchana. Kiti chako hakuna aliyekikalia, na getini nitakuwapo mimi."

Niliposema getini aliinua kichwa. Hakunitazama usoni. Alitazama mkono wangu wa kulia, halafu wa kushoto, halafu nyuma yangu, kuona kama nimekuja na fimbo. Alipohakikisha sina kitu, akainuka.